Utafiti kwa Koo za Seli za Saratani ya Tumbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi wa uzamili, mafundi wa maabara na watafiti wanaoanza huyarudia kila wanapokabidhiwa chupa yao ya kwanza ya seli za saratani ya tumbo. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Ukoo wa seli ni nini?

Ni kundi la seli zilizotokana na sampuli ya mtu mmoja, ambazo zimepata uwezo wa kuendelea kugawanyika nje ya mwili bila kukoma. Seli za kawaida zikitolewa mwilini na kuoteshwa hugawanyika mara kadhaa, kisha huzeeka na kusimama; hata seli nyingi za saratani hufa katika wiki za mwanzo. Zile chache zinazostahimili ndizo huwa ukoo, zikapewa jina, zikagandishwa na kusambazwa kwa maabara nyingine.

Kwa hiyo ukoo wowote ni matokeo ya mchujo mkali. Seli zilizobaki ni zile zilizoweza kuishi juu ya plastiki, katika lishe yenye sukari na seramu tele, bila mishipa ya damu, bila seli za kinga na bila tishu zinazouzunguka uvimbe mwilini. Zinatuonyesha sehemu ya ugonjwa, na mtafiti anayelikumbuka hilo tangu siku ya kwanza hupanga majaribio yake kwa busara zaidi.

Kwa nini zinatumika kuchunguza saratani ya tumbo?

Kwa sababu ugonjwa huu ni mzito na sampuli za wagonjwa ni chache, huisha haraka na hutofautiana mno. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yalionyesha wagonjwa wapya wapatao 968,000 na vifo vipatavyo 660,000 duniani, na kuiweka saratani ya tumbo katika nafasi ya tano kwa vyote viwili. Ukoo wa seli humpa mtafiti malighafi ileile mwaka huu na mwaka ujao, kwa gharama ndogo, na huruhusu mtafiti wa nchi nyingine kurudia jaribio lilelile. Lakini faida hiyo hutoweka kabisa iwapo seli zilizo kwenye chupa si zile zinazotajwa kwenye lebo, jambo ambalo limetengewa sehemu nzima hapa chini.

Ni koo zipi hutumika zaidi, na zilitoka wapi?

AGS ndio ukoo unaokutana nao mara nyingi zaidi katika machapisho. Ulitokana na uvimbe wa mwanamke mwenye umri wa miaka 54 ambaye hakuwa amepata tiba, na huota haraka, ukijiongeza maradufu kwa takriban siku moja. NCI-N87 ulitokana na saratani ya tumbo iliyokuwa imesambaa hadi kwenye ini. Seli zake hushikamana katika vichuguu vilivyobanana na huchukua karibu siku mbili kujiongeza maradufu. KATO III ulipatikana katika maji yaliyojikusanya kwenye utando wa mapafu ya mgonjwa, na umebeba sura ya seli zenye umbo la pete ya muhuri.

Zipo pia familia mbili kubwa kutoka Asia ya Mashariki. Koo zinazoanza na herufi MKN, ukiwemo MKN45, zilianzishwa Japani, na zile zinazoanza na SNU zilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul, Korea Kusini. SNU-1 ulitoka kwenye uvimbe wenyewe wa tumbo, ilhali SNU-5 na SNU-16 zilitoka kwenye maji yaliyojaa fumbatio. Hs 746T ulitoka kwenye saratani iliyosambaa hadi kwenye msuli wa mguu. Inafaa kuzingatia ni ngapi kati ya hizi hazikutoka kwenye tumbo lenyewe bali mahali saratani ilikosambaa: tunapozichunguza tunatazama ugonjwa uliokwisha kukomaa, na si hatua zake za mwanzo.

## Kuchagua ukoo unaofaa

Nianze na ukoo upi?

Anza na swali, kisha utafute ukoo unaolibeba. Makosa mengi hutokana na kwenda kinyume: AGS umo kwenye friza, kwa hiyo kila jambo linachunguzwa kwa AGS.

Anayechunguza dawa zinazolenga kipokezi cha HER2 anahitaji NCI-N87, kwa kuwa jeni ya kipokezi hicho imeongezeka nakala ndani yake. Kwa jeni ya MET wapo MKN45, SNU-5 na Hs 746T; huu wa mwisho una pia hitilafu inayofanya kipande cha 14 cha jeni hiyo kirukwe. Kwa FGFR2 wapo KATO III na SNU-16. AGS una mabadiliko katika jeni za KRAS na PIK3CA, ilhali jeni yake ya TP53 ni nzima, kwa hiyo hufaa pale ambapo p53 inayofanya kazi, yaani protini ya jeni hiyo inayozuia seli kuwa saratani, inahitajika. Anayetaka kuchunguza saratani ya tumbo inayoambatana na virusi vya Epstein-Barr ana chaguo chache sana, na SNU-719, unaobeba virusi hivyo tangu kwa mgonjwa, ni miongoni mwa hizo.

Ni vyema pia kuoanisha ukoo na makundi ya ugonjwa. Mgawanyo wa Lauren wa mwaka 1965 hutenganisha saratani ya aina ya utumbo na ile inayosambaa ukutani mwa tumbo. Mradi wa TCGA, wa kuchora ramani ya jenomu za saratani, uliochunguza vivimbe 295 na kuchapishwa mwaka 2014 ulitoa makundi manne ya kimolekuli: yenye virusi vya Epstein-Barr, yenye DNA isiyo thabiti katika marudio mafupi, yenye jenomu tulivu, na yenye kromosomu zisizo thabiti. Ukoo unaofaa kwa kundi moja unaweza usiseme lolote la maana kuhusu jingine.

Je, ukoo mmoja unatosha?

Hautoshi kwa dai lolote kuhusu saratani ya tumbo kwa ujumla. Ukoo mmoja ni mgonjwa mmoja. Matokeo yaliyopatikana kwa AGS pekee ni matokeo ya AGS, hata yakirudiwa mara mia. Kwa kawaida huhitajika koo kadhaa zenye badiliko linalochunguzwa na nyingine zisizo nalo. Ukoo usio na badiliko hilo ndio unaoonyesha kama dawa inagusa lengo lake au inaua seli yoyote inayokutana nayo.

Nitumie seli gani za kawaida za tumbo kulinganishia?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu hapa ndipo machapisho mengi yamejikwaa. Kwa miaka mingi ukoo uitwao GES-1 umetumika kama mfano wa seli za kawaida za utando wa tumbo. Vipimo vya utambulisho vimeonyesha kuwa seli zinazozunguka kwa jina hilo ni HeLa, yaani seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizochukuliwa kutoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951 huko Baltimore, Marekani.

Fikiria maana yake. Mtafiti anaweka seli za saratani ya tumbo upande mmoja na zile anazoziita za kawaida upande wa pili, kisha anaona protini fulani imepanda. Kumbe upande wa pili ni saratani ya kiungo kingine, tena yenye virusi vya papiloma aina ya 18 ambavyo huibomoa p53 ndani ya seli. Tofauti aliyoiona inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila haina uhusiano na safari ya seli ya tumbo kutoka uzima hadi saratani. Ikiwa ulinganisho na seli zisizo na saratani ni wa lazima, njia bora kwa sasa ni organoidi, yaani vijitishu vidogo vya pande tatu, zilizooteshwa kutoka tishu za tumbo zisizo na ugonjwa. Kama haziwezekani, ni heri kuacha ulinganisho huo kuliko kuufanya kwa seli zisizo sahihi.

## Utambulisho wa seli

Nitajuaje kwamba seli zangu ni zile zilizoandikwa kwenye lebo?

Kwa kipimo cha STR, ambacho husoma idadi ya marudio mafupi katika sehemu kadhaa za DNA na kutoa wasifu unaomtambulisha mtu aliyetoa seli. Wasifu huo hulinganishwa na ule uliohifadhiwa katika hifadhidata. Kwa kawaida, mfanano wa asilimia 80 au zaidi huchukuliwa kuwa seli zina asili moja, na ulio chini ya hapo huhitaji maelezo. Kuzitazama kwa hadubini hakutoshi, maana koo nyingi hufanana kwa sura, na HeLa ina tabia ya kuota haraka na kuzizidi nguvu seli nyingine bila kuacha dalili inayoonekana kwa macho.

Pima seli zinapofika, kabla hujaziingiza katika kazi yoyote. Pima tena unapotengeneza akiba mpya, na kabla ya kuandika makala. Gharama ya kipimo ni ndogo mno ikilinganishwa na miezi ya kazi inayoweza kupotea.

Ni majina gani ya koo za tumbo ninayopaswa kuyatilia shaka mara moja?

Mbali na GES-1, majina ya BGC-823 na SGC-7901 yametumika sana kama saratani ya tumbo ilhali seli zake zimebainika kuwa HeLa. MKN28 una tatizo la namna nyingine: wasifu wake ni wa MKN74. Ni seli za tumbo kweli, lakini anayetumia MKN28 na MKN74 kama koo mbili huru anamhesabu mgonjwa mmoja mara mbili.

Kabla ya kuagiza ukoo wowote, utafute katika hifadhidata ya Cellosaurus na katika orodha ya koo zenye utambulisho wa uongo inayotunzwa na kamati ya kimataifa ya ICLAC. Zote mbili ni za bure, na ukaguzi huo ni wa dakika chache tu.

Je, kipimo cha STR kinaweza kupotosha?

Kinaweza, katika hali tatu. Kwanza, koo zenye hitilafu ya kurekebisha DNA, kama SNU-1, hubadilika katika marudio hayohayo yanayopimwa, kwa hiyo wasifu unaweza kusogea kidogo ingawa seli ni zilezile. Hapo mtafiti anahitaji kutazama kila sehemu na asitegemee asilimia peke yake. Pili, kipimo hiki cha DNA ya binadamu kinaweza kutoziona seli za panya zilizochanganyika, na ni lazima kipimo cha spishi kiongezwe, hasa kwa seli zilizopitia ndani ya mnyama. Tatu, STR humtambulisha mtu na wala haioneshi hali ya seli: ukoo uliobadilika tabia baada ya kuoteshwa muda mrefu bado utapita kipimo vizuri.

## Utunzaji wa kila siku

Koo zote zinaweza kutumia lishe moja?

Hapana. AGS hupendekezewa lishe ya F-12K na NCI-N87 hupewa RPMI 1640, zote zikiwa na asilimia 10 ya seramu ya ng'ombe. KATO III huhitaji lishe ya IMDM yenye asilimia 20 ya seramu. Zote huwekwa kwenye inkubeta ya nyuzi 37 yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi. Ni kweli kwamba maabara nyingi huotesha kila kitu katika RPMI ili kurahisisha kazi, na seli nyingi huvumilia. Lakini lishe hubadilisha kasi ya kuota na matumizi ya sukari, hivyo lishe iliyotumika iandikwe, na isibadilishwe katikati ya mradi.

Seli zangu zinaelea. Zimekufa?

Inategemea ukoo. AGS zinazoelea kwa wingi kwa kawaida ni ishara mbaya. Lakini SNU-1 na SNU-16 huota zikielea, na KATO III huwa na seli zilizoshika chini na zinazoelea kwa wakati mmoja, zote zikiwa hai. Anayemwaga kimiminika cha KATO III kabla ya kuweka tripsini, kimeng'enya kinachobandua seli, anatupa sehemu ya seli zake zilizo hai, na tena anachagua bila kujua zile zinazoshika. Kimiminika hicho kikusanywe, kizungushwe kwenye sentrifuji, na seli zake zirudishwe pamoja na zilizobanduliwa. Rangi ya tripani ya buluu hutoa uamuzi: seli iliyokufa huingiwa na rangi, na iliyo hai huikataa.

NCI-N87 nazo zinahitaji subira. Huchelewa kubanduka, na kishawishi ni kuigongagonga chupa. Usifanye hivyo, kwani zitatoka zikiwa mabonge na hesabu yako itakuwa ya kubahatisha. Zioshe vizuri kuondoa seramu inayozuia tripsini, kisha uzirudishe kwenye inkubeta na kuzitazama kila baada ya dakika chache hadi kingo zake ziwe mviringo.

Mikoplazma ni tatizo kubwa kweli ikiwa natumia antibayotiki?

Ni tatizo kubwa, na antibayotiki za kawaida zinaweza kulificha. Mikoplazma ni bakteria wasio na ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiwadhuru. Hawaifanyi lishe iwe na ukungu, hawaonekani kwa hadubini ya kawaida, na wengi hupenya vichujio vya mikromita 0.2. Wakati huohuo hubadilisha umetaboli na jeni zinazofanya kazi ndani ya seli. Pima kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya bakteria hao, kwa ratiba, mathalani kila mwezi, na uoteshe seli bila antibayotiki kila inapowezekana, ili uchafuzi ujitokeze mapema. Chupa iliyopatikana nao itupwe, na urudi kwenye akiba safi. Kuzitibu kwa dawa kuwe kwa ukoo usioweza kupatikana tena.

Nizigandishe vipi, na nizioteshe kwa muda gani?

Zigandishe zikiwa katika kuota kwa nguvu, ndani ya seramu au lishe yenye takriban asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayozikinga seli dhidi ya fuwele za barafu, zikipoa polepole kwa nyuzi moja kila dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha uzihamishie kwenye nitrojeni kimiminika. Kuyeyusha ni kinyume chake: haraka, katika maji ya nyuzi 37, hadi kibaki kipande kidogo tu cha barafu. Vaa kinga ya uso, kwa sababu kichupa kilichoingiwa na nitrojeni kinaweza kupasuka.

Tengeneza akiba kuu mapema, kisha akiba ya kazi kutoka humo, na ujiwekee kikomo cha idadi ya uhamisho, yaani mara ambazo seli huhamishiwa kwenye chupa mpya. Maabara nyingi huweka kikomo kati ya mara 20 na 30 tangu kuyeyusha. Seli huendelea kubadilika: utafiti wa mwaka 2018 uliolinganisha matawi 27 ya ukoo mmoja wa saratani ya titi, MCF-7, ulionyesha matawi hayo yakitofautiana waziwazi kijenetiki na katika mwitikio kwa dawa.

## Majaribio yenyewe

Kwa nini AGS hutumika sana kuchunguza Helicobacter pylori, na nini cha kuangalia?

Helicobacter pylori iliorodheshwa kuwa kisababishi cha saratani cha kundi la kwanza mwaka 1994. Aina zenye protini ya CagA huiingiza protini hiyo ndani ya seli kwa mfumo unaofanya kazi kama sindano, na AGS huonyesha matokeo yake waziwazi: ndani ya saa chache seli hurefuka na kuchongoka, sura ambayo watafiti huifananisha na ndege mvumaji. Ni kipimo rahisi cha kuona kama CagA imeingia.

Ondoa antibayotiki kwenye lishe mapema kabla ya kuambukiza, la sivyo utakuwa unapima bakteria wanaokufa. Hesabu bakteria kwa kila seli na uandike uwiano huo. Kumbuka pia kuwa AGS hazina E-kadherini (protini inayozishikanisha seli) inayofanya kazi, kwa hiyo hazijengi utando uliobanana wenye juu na chini. Maswali kuhusu kizuizi cha utando wa tumbo yapelekwe kwa NCI-N87 au organoidi.

Ni kweli kwamba AGS zina virusi ndani yake?

Ni kweli, na wengi hawalijui. Mwaka 2007 ilichapishwa kwamba ukoo wa AGS umeambukizwa kwa kudumu virusi vya parainfluenza aina ya 5, ambavyo protini yao ya V husababisha STAT1 ibomolewe. STAT1 ni kiungo cha lazima katika mwitikio wa seli kwa interferoni, protini zinazoziamsha seli kupambana na virusi. Kwa kazi nyingi kuhusu ukuaji wa seli jambo hili halina uzito mkubwa. Lakini anayechunguza kinga dhidi ya virusi, interferoni, au hata mwitikio wa kinga kwa Helicobacter pylori, ahakikishe kwanza hali ya STAT1 katika akiba yake, na arudie jaribio kwa ukoo mwingine.

Matokeo yangu ya MTT yanapingana na ya wengine. Tatizo liko wapi?

MTT hupima uwezo wa seli kugeuza rangi ya manjano kuwa fuwele za zambarau, yaani umetaboli, na si idadi ya seli moja kwa moja. Dawa inayopunguza umetaboli bila kuua itaonekana kama inaua. Thibitisha kwa kuhesabu seli au kwa kipimo cha kifo cha seli.

Kasi ya kuota nayo hupotosha. Kwa saa 72 AGS zinaweza kugawanyika mara tatu hivi, ilhali NCI-N87 hazijafikisha mara mbili, na dawa inayoziua seli zinazogawanyika itaonekana kali zaidi kwa AGS kwa sababu hiyo tu. Angalia pia visima vya pembeni mwa sahani, ambavyo hukauka kwanza, na uweke kidhibiti chenye DMSO, ambayo dawa huyeyushwa ndani yake, kwa kiwango kilekile kilichomo kwenye visima vya dawa. Visima vitatu katika sahani moja ni jaribio moja. Marudio halisi ni siku tofauti na seli zilizotayarishwa upya.

Lini nitoke kwenye ukoo niende kwenye organoidi au panya?

Pale swali linapohusu mambo ambayo sahani haina: mpangilio wa tishu, tofauti kati ya wagonjwa, mishipa ya damu, kinga. Organoidi huhifadhi vizuri zaidi aina mbalimbali za seli za uvimbe, lakini ni ghali na hazijiongezi haraka. Panya wasio na tezi ya thaimasi hukubali koo kama MKN45 na NCI-N87, ila kwa kuwa hawana seli T za kinga zinazofanya kazi, hawawezi kujibu swali lolote kuhusu tiba inayotegemea seli hizo.

## Usalama, maadili na uandishi

Seli hizi ni hatari kwangu?

Hatari ni ndogo, lakini zishikwe kama tishu yoyote ya binadamu: ndani ya kabati ya usalama wa kibiolojia, kwa glavu, katika maabara ya ngazi ya pili ya usalama, na taka zake ziuawe kwa jiki au kwa mvuke wa nyuzi 121. SNU-719 ina virusi vya Epstein-Barr na ishughulikiwe hivyo. Usioteshe kamwe wala kubadilisha jeni za seli zako mwenyewe, kwa kuwa kinga yako isingezitambua kama ngeni.

Je, ninahitaji kufikiria mgonjwa aliyetoa seli?

Ndiyo. Koo nyingi za zamani zilianzishwa kabla ya utaratibu wa sasa wa ridhaa. Mwaka 2013 jenomu ya HeLa ilichapishwa bila ridhaa ya familia ya Lacks, na baadaye mwaka huohuo yakafikiwa makubaliano ya kudhibiti upatikanaji wake. Data ya jenomu ya ukoo inaweza kufichua mambo kuhusu jamaa walio hai, kwa hiyo zingatia masharti ya benki ya seli, na usimpe mwenzako kichupa kinyume cha mkataba uliotia sahihi.

Niandike nini katika makala?

Jina kamili la ukoo na namba yake ya Cellosaurus (kwa AGS ni CVCL_0139), mahali ulikotoka, tarehe na matokeo ya STR, matokeo ya mikoplazma, lishe, na idadi ya uhamisho. Sentensi mbili au tatu zinatosha kumwezesha mwingine kurudia kazi yako.

Nimegundua seli zangu si za tumbo, na kazi imekwisha kuchapishwa. Nifanye nini?

Simamisha majaribio yote yanayozitumia na upime kichupa cha zamani zaidi kilichopo ili kujua kosa liliingia lini. Huenda sehemu ya mwanzo ya kazi bado ni sahihi. Waarifu waandishi wenzako, kisha aliyekupa seli na yeyote uliyempa wewe. Rudia majaribio makuu kwa ukoo uliothibitishwa. Yakisimama, omba jarida lichapishe sahihisho lenye data mpya. Yasiposimama, omba makala iondolewe. Weka wasifu wa STR wa seli zisizo sahihi ndani ya tamko hilo, ili maabara nyingine zenye kichupa cha jina hilohilo ziweze kulinganisha na zao.